Mwongozo kamili: Jinsi ya kujifunza historia ya Weusi wa Marekani ambayo hatukufundishwa, ukianzia mtaa unaokaa

Mwaka wangu wa kwanza kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa St. Paul, Minnesota, kulikuwa na bibi mmoja mweusi, miaka themanini na kitu. Asubuhi moja nikaingia chumbani kwake nikamwita kwa jina lake la kwanza, kama nilivyosikia wafanyakazi wote wanavyomwita. Akanitazama, akasema, kijana, mimi utaniita Miss, halafu jina la ukoo. Nikaona anajidai. Natoka shifti nikamsimulia mwenzangu kwenye simu, akasema lile neno letu, "hao Wanegro ndivyo walivyo", na mimi nikanyamaza.

Ilinichukua karibu miaka miwili kukutana na jina la Mary Hamilton. Huyu mama alikuwa mwanaharakati, mwaka 1963 alipandishwa kizimbani mji wa Gadsden, Alabama, na mwendesha mashtaka akawa anamwita "Mary" tu, maana desturi ya kule ilikuwa mzungu anaitwa Bwana au Bibi na mweusi anaitwa kama mtoto hata awe na mvi. Akakataa kujibu swali lolote mpaka aitwe Miss Hamilton. Jaji akampa jela na faini ya dola 50 kwa kudharau mahakama. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1964 hukumu ile ikafutwa. Sisi tuliokulia kwenye shikamoo ndo tulipaswa kumwelewa yule bibi haraka kuliko mtu yeyote pale kazini, na sikumwelewa kwa sababu sikuwa najua historia.

Ndo maana naandika hii, kwa Waswahili wenzangu tunaobeba boksi huku, na kwa aliyeko nyumbani anayemjua Mmarekani mweusi kwa muziki na sinema tu. Mifano mingi ni ya Minnesota kwa sababu ndipo nilipo, ila njia zenyewe zinafanya kazi karibu mji wowote wa Marekani. Na nakushauri usianze na majina makubwa, King, Malcolm, Rosa Parks, hao utakutana nao tu. Anza na ardhi unayoikanyaga, maana historia iliyosahaulika mara nyingi imelala kwenye makaratasi ya kaunti na chini ya lami.

Hatua ya 1: Ujue mlango ulioingilia

Chukua karatasi, andika mtu wa kwanza kwenye ukoo wako kufika Marekani, mwaka gani, kwa visa gani. Halafu tafuta hiyo visa imetoka kwenye sheria ipi. Usiruke hili zoezi.

Sheria ya uhamiaji ya 1924 iligawa nafasi kwa kupendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, nchi kama Ethiopia na Liberia zikapewa nafasi 100 tu kila moja kwa mwaka mzima. Mfumo huo ulivunjwa na sheria iliyosainiwa tarehe 3 Oktoba 1965, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Kiraia na miezi miwili baada ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Hazikufuatana kwa bahati. Watu waliopigwa virungu na kung'atwa na mbwa wa polisi kule kusini ndo waliofanya ionekane aibu kwa nchi kuwa na sheria inayochagua watu kwa asili yao. Green card ya bahati nasibu iliyotuleta wengi wetu ilikuja na sheria ya 1990, nayo imejengwa juu ya ule msingi.

Na hata kabla ya hapo. Septemba 1959 ndege ya kukodi ilileta Marekani wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki, mpango wa Tom Mboya, na barua ya kuchangisha pesa ilisainiwa na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, Weusi watatu wa Marekani. Mwaka uliofuata mpango huo ukamleta Wangari Maathai mpaka Kansas. Mwaka huohuo wa 1960 wakili Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, alikuwa London anawasaidia wajumbe wa Kenya kuandika rasimu ya haki za raia. Kwa hiyo anayesema "hawa watu hawajawahi kutusaidia kitu" anasema kitu ambacho si kweli, na sasa unaweza kumwambia kwa upole na kwa tarehe.

Kwa wa Minnesota kuna kitu kingine cha karibu kabisa. Uwanja wa ndege tunaotua umepakana na ngome ya zamani ya Fort Snelling, pale mito miwili inapokutana. Miaka ya 1830 Dred Scott na mkewe Harriet waliishi pale wakiwa watumwa, kwenye eneo ambalo kisheria utumwa ulikuwa marufuku, na ndo msingi wa kesi waliyofungua baadaye kudai uhuru. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ikawajibu kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, si raia. Nimetua pale mara nyingi nikiwa nawaza mzigo wangu umefika au haujafika. Siku hizi natafuta ile ngome.

Hatua ya 2: Ramani nyekundu na hati ya nyumba

Hii ndo hatua itakayokula muda wako mwingi, na uiache iule tu huo muda.

Kwanza ramani. Miaka ya 1930 shirika la serikali lililoitwa Home Owners' Loan Corporation lilichora ramani za miji zaidi ya 200, kila mtaa ukapewa rangi kuonyesha kama ni salama kukopesha pesa, kijani bora kabisa, bluu, njano, halafu nyekundu ya hatari. Chuo Kikuu cha Richmond kimeziweka onlain bure, utafute Mapping Inequality. Chagua mji wako, tafuta mtaa wako, halafu usiishie kwenye rangi, bonyeza usome ile fomu ya maelezo. Kwenye fomu kuna sehemu inauliza kama kuna Negro, ndiyo au hapana, asilimia ngapi, na sehemu nyingine inauliza ni watu gani "wanapenyeza". Soma maneno yenyewe, maana ukisikia tu kwamba palikuwa na ubaguzi unaitikia na kupita, lakini ukiona karani amejaza kisanduku kwa mashine ya chapa kuhusu mtaa ambao wewe unanunua maziwa, inakaa kichwani.

Jambo moja la kuwa makini, ramani hii peke yake si chanzo cha kila kitu. Shirika lililoanzishwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, FHA, lilikuwa na kanuni zake zilizokwepa mitaa ya Weusi, na hilo ndo lilifungua pesa kwa mamilioni ya wazungu kununua nyumba nje ya miji. Ukimweleza mtu, mtajie vyote viwili.

Halafu hati. Hapa Minneapolis, mji jirani na St. Paul, mwaka 1910 iliandikwa hati ya kiwanja kwenye 35th Avenue South yenye sharti kwamba kisiuzwe, kisipangishwe wala kuwekwa rehani kwa mtu yeyote Mchina, Mjapani, Mmoor, Mturuki, Negro, Mmongolia, au mwenye damu au ukoo wa Kiafrika. Rudia hayo maneno ya mwisho. Tunapenda kusema sisi si Wamarekani weusi, sisi ni Waafrika, kana kwamba hiyo inatutoa kwenye hesabu, lakini aliyeandika hati aliwaandika Negro na Mwafrika kwenye sentensi moja, na hakuuliza umetoka Moshi au Mississippi. Mradi wa Mapping Prejudice wa Chuo Kikuu cha Minnesota umekuta hati za namna hii zaidi ya 8,000 Minneapolis pekee, na wana ramani unayoweza kutafuta kwa anwani. Kama mji wako hauna ramani hiyo, nenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, wape anwani au namba ya kiwanja, waambie unataka mlolongo wote wa hati tangu eneo lilipopimwa viwanja, na usome zaidi zile za kati ya 1910 na 1950. Wakati mwingine sharti haliko kwenye hati ya nyumba yako, liko kwenye tangazo la eneo zima lililosajiliwa na mwenye mradi, kwa hiyo uliza na hilo. Beba pesa kidogo za kutoa kopi.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ilisema mahakama haziwezi kutekeleza masharti hayo, ila kuyaandika kuliendelea sehemu nyingi, na kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake kulikuja kupigwa marufuku nchi nzima Aprili 1968, wiki moja baada ya King kuuawa.

Sasa toka nje utembee. Nyumba namba 4600 Columbus Avenue South, Minneapolis, ilinunuliwa 1931 na Arthur na Edith Lee, mume alikuwa mfanyakazi wa posta na askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Julai ile umati wa maelfu ya watu ulizingira nyumba usiku baada ya usiku wakiwataka wahame, wakirusha mawe. Wakili wao alikuwa Lena Olive Smith, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Minnesota. Ni nyumba ndogo, ya kawaida kabisa, unaweza ukaipita bila kugeuka. Ukitoka pale ukatembea kuelekea kaskazini kama maili moja utafika kona ya barabara za 38 na Chicago, pale polisi walipomuua George Floyd mwezi Mei 2020. Fanya hiyo safari kwa miguu, usiende na gari, uone ni mji uleule.

Hatua ya 3: Angalia haiwei imepita juu ya nini

Miji mingi ya Marekani barabara kuu za miaka ya 1950 na 1960 zilipitishwa katikati ya mitaa ya Weusi. Hapa St. Paul mtaa huo uliitwa Rondo, wengi wa Weusi wa mji walikaa pale, makanisa, vinyozi, klabu, madaktari. Mhandisi wa mipango miji George Herrold alipendekeza njia nyingine kaskazini, kando ya reli, ambayo ingebomoa nyumba chache zaidi. Hawakumsikiliza. Haiwei ya I-94 ikachimbwa katikati ya Rondo, zaidi ya familia 600 za Weusi zikapoteza nyumba. Mwaka 2015 meya na kamishna wa barabara wa jimbo waliomba radhi hadharani.

Jinsi ya kuliona hili mwenyewe: tafuta ramani za Sanborn, zilichorwa kwa ajili ya bima ya moto, zinaonyesha kila jengo mpaka limejengwa kwa mbao au tofali, maktaba ya Bunge la Marekani wanazo onlain. Tafuta na picha za anga za zamani, vyuo vikuu vingi vya majimbo vinazo. Chukua moja ya kabla ya barabara, weka pembeni ya picha ya satelaiti ya leo, tafuta kona mbili ambazo hazijabadilika, kanisa au shule, halafu fuata mistari.

Mimi niliprinti picha ya anga ya Rondo nikampelekea yule bibi, wakati huo nilishakuwa namwita Miss bila kukumbushwa. Akaomba miwani. Akaweka kidole, akaanza kuhesabu nyumba kwa sauti ya chini, huyu alikuwa fundi viatu, huyu walikuwa na piano, hapa kulikuwa na mti wa tufaha tunapanda bila ruhusa. Alipofika ya kwao akanyamaza, kidole kikabaki pale pale. Halafu akaniuliza sasa hapa ni wapi, nikamwambia ni leni ya kushoto, Miss, ya kwenda Minneapolis. Ni leni ninayopita kila siku nikienda kazini kwake.

Hatua ya 4: Soma magazeti mawili kwa tukio moja

Chagua tukio, tafuta lilivyoandikwa na gazeti kubwa la mji, halafu lilivyoandikwa na gazeti la Weusi. Chicago Defender lilianza 1905, Pittsburgh Courier 1907, huku kwetu kulikuwa na The Appeal la St. Paul na baadaye Spokesman la Cecil Newman tangu 1934. Baadhi yako onlain bure, mengine kupitia maktaba ya Bunge.

Anza na mji wa Duluth, Minnesota, tarehe 15 Juni 1920. Vijana watatu weusi wafanyakazi wa sarakasi, Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie, walitolewa kwa nguvu kituo cha polisi na umati wa maelfu wakanyongwa kwenye nguzo ya taa, kwa tuhuma ya kubaka ambayo haikuwa na ushahidi wa kueleweka. Hiyo ni kaskazini kabisa, karibu na Kanada, maana wengi tunadhani mambo haya yalikuwa ya Alabama tu. Unaposoma uwe na kalamu: nani ametajwa kwa jina na nani kaitwa "negro" basi? Nani kahojiwa? Umati umeitwa wahalifu au wananchi wenye hasira? Kisha soma habari ya polisi ya wiki hii kwa maswali hayohayo. Makaburi ya wale vijana yalikaa bila alama mpaka 1991, na mnara wao ukajengwa mjini 2003. Mwanaume mwingine mweusi, Max Mason, alifungwa kwa kesi hiyohiyo, na msamaha wake ulitoka Juni 2020, miaka mingi baada ya kufa.

Hatua ya 5: Kama familia yako imechanganyika

Umeoa au umeolewa na Mmarekani mweusi, watoto watauliza. Rudi nyuma na sensa, zinafunguliwa baada ya miaka 72 kwa hiyo sasa unaanzia 1950 unashuka. Utagonga ukuta 1870. Hiyo ndo sensa ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina, maana orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la mwenye mali. Kuvuka ukuta, tafuta kumbukumbu za Freedmen's Bureau, shirika la serikali lililowahudumia waliotoka utumwani, za kuanzia 1865, zipo bure kwenye tovuti ya FamilySearch, na mradi wa Last Seen wa Chuo Kikuu cha Villanova, wamekusanya matangazo ya magazeti ya watu waliotafutana baada ya utumwa: namtafuta mama yangu, aliuzwa mwaka fulani, aliyekuwa anatumiliki ni fulani. Sisi ambao tunaweza kutaja babu wa babu bila kufikiri, tukiyasoma yale matangazo, ndo tunajua walichonyang'anywa.

Hatua ya 6: Ongea na wazee, lakini kwa adabu

Muulize mzee kwanza umwiteje. Usianze na maumivu, usimwulize "ubaguzi ulikuwaje", muulize walikuwa wananunua wapi nguo za Pasaka, nani alikuwa anapika vizuri kanisani, mengine yatakuja yenyewe au hayatakuja na ni haki yake. Uliza kabla ya kurekodi. Na usiseme "hata sisi kwetu tulitawaliwa", angalau siku ya kwanza, mwache amalize.

Pia kuna sauti za kale. Maktaba ya Bunge ina simulizi zaidi ya 2,300 za waliokuwa watumwa, zilikusanywa 1936 mpaka 1938. Zisome ukikumbuka wahojaji wengi walikuwa wazungu, na mzee maskini wa kusini alijua kusema ukweli wote kunaweza kumponza. Sikiliza pia rekodi ya 1949 ya Fountain Hughes, mzee aliyezaliwa utumwani Virginia. Sauti yake ni kama ya babu yeyote barazani.

Kabla hujafowadi

Kuna ile "barua ya Willie Lynch ya 1712" inayozunguka WhatsApp kila mwaka, eti mwenye watumwa anafundisha jinsi ya kuwagawanya Weusi kwa miaka mamia. Ni ya kughushi, ndani kuna maneno ya Kiingereza ambayo hayakuwepo karne hiyo. Usifowadi. Mtu mwenye nia mbaya akikamata uongo mmoja atautumia kukana na yale ya kweli, na ya kweli yapo ya kutosha. Kabla ya kutuma chochote uliza: hati iko wapi, ya mwaka gani, nani anaitunza?

Ukiulizwa "mbona sisi tulikuja na dola mia na tumetoboa?"

Swali hili litaulizwa kwenye kila harusi na kila kipaimara, kwa hiyo jiandae. Jibu langu linaanza na 1944, sheria ya kuwasaidia maaskari waliorudi vitani kupata nyumba na masomo. Mwaka 1947 uchunguzi wa miji 13 ya Mississippi ulikuta mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo, na waliopata kati ya maaskari weusi ni wawili. Wawili. Nyumba zile ndo wajukuu wa wazungu wamerithi, wameziuza, wamesomea. Hapa Minnesota karibu robo tatu ya familia za wazungu wanamiliki nyumba, Weusi hawafiki theluthi. Sisi tulichujwa na ubalozi, tulikuja na vyeti au na nguvu za ujana, tukakuta milango imeshapigwa mpaka ikafunguka. Mweleze hivyo, bila kumtukana.

Na akisema polisi hawatuhusu, mtajie Patrick Lyoya. Mkimbizi wa Congo, miaka 26, tarehe 4 Aprili 2022 alisimamishwa na polisi akiendesha gari Grand Rapids, Michigan, akaishia kupigwa risasi ya kichwa. Baba yake aliongea na waandishi kupitia mkalimani.

Ukikuta sharti kwenye hati yako mwenyewe

Rafiki yangu alinunua nyumba nje kidogo ya Minneapolis, tukaitafuta hati pamoja kwenye kompyuta yake jikoni, mkewe anakaanga maandazi, na ukurasa wa tatu tukaikuta, damu ya Kiafrika. Mkewe alizima jiko akaja kusoma. Minnesota tangu 2019 kuna sheria inayomruhusu mwenye nyumba kusajili tamko la kulikana sharti hilo: unachukua fomu, unajaza maelezo ya kiwanja kama yalivyo kwenye hati, unasaini mbele ya mthibitishaji, unapeleka kaunti. Kuna na mawakili wanaosaidia bure kupitia mpango wa Just Deeds. Majimbo mengine kadhaa yana utaratibu wake, uliza ofisi ileile ya kumbukumbu. Maneno ya zamani hayafutwi, yanabaki yasomeke, tamko linaongezwa juu yake, na mimi naona ni sawa hivyo. Kopi ya vyote viwili ameiweka kwenye droo moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.